Jiwe la Nane la Mulwe

Wamaza, 9 Februari 1936

Kwa bwana wangu Zéphirin,

Salamu nyingi. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezipasua. Hii ya tatu nampa mwalimu Marcellin, anakwenda Kasongo na baiskeli ya misioni, hana nafasi ya kungojea niipasue tena.

Niko na mimba. Ulipoondoka mwezi wa kumi nilikuwa ninajua, nikanyamaza. Usifurahi kwanza. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka watoto wetu wawili. Wa kwanza, siku zile ulikuwa unapigilia milango mipya ya kanisa. Wa pili, ulifukia shimo la zamani nyuma ya nyumba. Wote wawili walifika mulangoni, wakashindwa kutoka, wakafa ndani yangu. Mama yangu alitukataza: mwanaume ambaye muke wake iko na mimba hafungi kitu. Hapigi musumari, hakazi fundo, hazibi shimo, mpaka mutoto alie. Tulicheka. Mimi niliyesoma kwa Masista nilicheka kuliko wewe.

Leo sicheki, Zéphirin. Tumbo likiguswa kidogo, damu inanikauka. Nakuomba kwa magoti: huko kwenye daraja munalojenga usifunge kitu chochote. Kata mawe, beba mawe, lakini kufunga waachie wengine. Uniandikie mbio kazi yako ni nini hasa.

Ni mimi muke wako,
Émérance


Kambi ya Mulwe, 1 Marsi 1936

Émérance wangu,

Barua yako nimeisoma nimejificha kwenye majani, juu ya sababu kapita, musimamizi wetu, anafikiri mutu anayesoma ni mutu mwenye kuacha kazi. Nimefurahi nusu, nusu nyingine nimeiweka pembeni kama ulivyoniamuru. Una ukali wewe, hata kwenye karatasi!

Sasa tulia nikueleze daraja. Mbele ya wazungu kufika, watu walivuka Mulwe kwa mutumbwi. Reli ilipofika, baba yangu na wenzake wakajenga daraja la miti, yeye mwenyewe alibeba miti hiyo mpaka bega lake likabaki na kovu. Miaka zaidi ya makumi mawili treni imepita hapo polepole, watu ndani wameshika roho mukononi. Mwaka juzi maji yalijaa, yakang'oa nguzo mbili pamoja na behewa la mawese. Njo maana wanataka daraja la mawe.

Daraja la mawe ni upinde. Tunasimamisha kwanza mbao chini yake, kama mifupa ya paa la nyumba, mawe yanalala juu. Upande huu unapanda, upande ule unapanda, mpaka zikutane katikati. Pale katikati yanaingia mawe manane ya mwisho, mustari mumoja, toka ukingo mpaka ukingo. Hayo ndiyo yanafunga upinde. Yakiingia, mbao zinatolewa na mawe yanajishikilia yenyewe.

Najua umeshituka na lile neno. Usishituke. Mawe manane ni kazi ya muzee Antoine, fundi aliyetufundisha sisi wote. Mimi nakata tu. Tena nikifunga suruali yangu asubuhi nakukumbuka, nafunga kidogo tu, isije ikaanguka mbele ya muzungu. Cheka basi.

Kula vizuri. Usibebe kuni.

Ni mimi,
Zéphirin


Wamaza, 20 Marsi 1936

Kwa bwana wangu,

Nilicheka kweli, siku nzima, mpaka mama akaniuliza nina nini. Halafu Moustapha akapita.

Moustapha ule anayeuza chumvi. Amekuja toka ng'ambo ya muto Lualaba, ameweka mizigo yake barazani kwetu, anasema: hongera, bwana yako amekuwa mukubwa, muzee Antoine ameumia kidole, muzungu amemuchagua Zéphirin kuweka mawe ya mwisho mbele ya watu wote. Alikuwa anasema vile kwa furaha, masikini. Mama aliacha kupepeta muhogo, akaingia ndani.

Ni kweli? Niambie ni kweli ama ni uwongo. Mutoto anacheza sana upande wa kushoto, usiku na muchana, na kila akicheza mimi najiuliza kama anatafuta njia na haioni. Nimewazika wawili. Niliwaona nyuso. Sitaweza kumuona wa tatu vile.

Apa kwa Mungu kwamba hukufunga.

Émérance


Kambi ya Mulwe, 6 Aprili 1936

Émérance,

Ni kweli muzungu alinichagua. Tunamuita Bwana Uzi, juu anapima kila kitu na uzi wake. Ningekataa ningesema nini? Kwamba muke wangu iko na mimba? Mwaka jana mutu mumoja alikataa kuingia majini, wakamulaza chini mbele yetu wakamupiga fimbo za kiboko, kisha gereza.

Lakini sikiliza, nakuapia kama ulivyotaka: sikufunga. Mwisho wa mwezi wa tatu mawe saba nimeyaweka na simenti. La nane, lile la upande maji yanakokwenda, nimelilaza kwa udongo wa kichuguu. Unaujua ule udongo, ukikauka ni mugumu kama tofali. Juu yake nikapaka unga wa simenti, sura moja na mengine. Hakuna aliyeona. Njia ya mutoto wako iko wazi, upana wa mukono mumoja, katikati ya daraja la wazungu!

Ukizaa, niandikie. Nitaingia chini na patasi, nitatoa udongo, nitatia simenti, basi. Mama yako umwambie atulie. Mwingine yeyote usimwambie, wakijua nimekwisha.

Wiki ijayo watatoa mbao. Kisha watanituma Kongolo kukata mawe ya stesheni.

Lala usingizi sasa. Nakuomba ulale.

Zéphirin


Wamaza, 2 Mei 1936

Bwana wangu,

Siku nilipopata barua yako nililala toka jua kutua mpaka jua kupanda. Nilikuwa nimesahau namna watu wanalala. Mama alipika kuku.

Sasa ninakuandikia na miguu yangu imejaa maji, viatu vya Masista haviingii. Kichwa kinagonga, na mara nyingine mbele ya macho naona cheche. Sista amenipima, akakunja uso. Anasema siwezi kuzalia hapa, nitakufa mimi na mutoto. Lazima niende kwa dokta, Kindu. Lori la misioni litanifikisha Kasongo, nitavuka Lualaba, nitalala kwa kaka yako Octave pale stesheni, halafu treni.

Treni, Zéphirin. Inapita juu ya Mulwe.

Nimemwambia Sista siendi. Akauliza sababu. Ningemwambia nini? Mvua inanyesha kila siku huku, na kila nikiisikia juu ya majani ya nyumba naona udongo wako unalainika. Udongo wa kichuguu unakunywa maji, hata mutoto mudogo anajua. Treni ngapi zimekwisha kupita? Ndani mwao si kuna watu na watoto wao? Ni kwa ajili yangu wanapita juu ya tope. Nilifurahi, nikala kuku, sikuwafikiri hata kidogo. Mungu anisamehe.

Mama ananilazimisha, amesema tutaondoka tarehe kumi na mbili hata kwa machela. Rudi Mulwe ukazibe. Sitaki tena. Hapana, usizibe, mutoto bado. Sijui nakuambia nini. Niambie la kufanya.

Émérance


Kongolo, 14 Mei 1936

Kwa kaka yangu Octave, mufanyakazi wa reli, stesheni ya ng'ambo ya Kasongo,

Kaka, barua hii nampa mwendesha treni mwenyewe, akupe mukononi. Isome peke yako, ukae chini.

Émérance atafika kwako, ama amekwisha kufika. Atakataa kupanda treni. Atakwambia jiwe la nane la Mulwe limelazwa kwa udongo. Si kweli. Ni mimi niliyemwandikia vile, na ni uwongo. Mawe yote manane nimeyafunga kwa simenti, kwa mukono wangu, nikayagonga na nyundo, jiwe moja moja, na muzee Antoine akayagonga nyuma yangu. Daraja lile halitaanguka hata wajukuu wetu wafe.

Nilikuwa na udongo tayari, kaka. Nilikuwa nimeufunga kwenye jani la mugomba, ndani ya mufuko. Nikaweka mawe saba. Nilipofika la nane Bwana Uzi akasogea, akasimama juu ya kichwa changu. Ningeweza kudondosha simenti, kuomba maji, kungojea ageuke. Nikaona ule mutu waliyemupiga mwaka jana. Nikachota simenti. Watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka pamoja nao, nikijua ninamuzibia muke wangu kaburi. Nilichagua mugongo wangu. Nikaandika uwongo ili yeye alale, basi.

Sasa uwongo ule utamuzuia kufika kwa dokta. Na kweli itamwambia kwamba tumbo lake limefungwa. Nikisema hivi anakufa, nikisema vile anakufa. Kaka, mimi akili zimeniishia. Umupandishe. Umudanganye, umubebe, umufanye nini, lakini apande.

Muzungu wa huku hanipi ruhusa. Nimeomba mara mbili.

Mudogo wako,
Zéphirin


Stesheni, 19 Mei 1936

Zéphirin,

Wewe ni mutu wa namna gani? Nimeanza vile kwanza, salamu tutapeana siku nyingine.

Muke wako alifika jumamosi na mama yake, Mama Mathilde. Barua yako ilifika jumapili. Nikafikiri: si neno, tutamwambia pole pole. Lakini Mama Mathilde alikuwa amekwisha kuongea na wanawake wanaouza ndizi kwenye stesheni. Hakuwa na ubaya, aliwaonea huruma watu wanaosafiri. Jumatatu treni ilipoingia, mwanamuke mumoja akapiga kelele: "Mulwe ni udongo! Mulwe ni udongo!" Basi. Watu walitoka milangoni, wakatoka madirishani, mutoto mumoja aliangushwa akavunjika mukono. Mahindi, kuku, vyote chini. Mukubwa wa stesheni akapiga filimbi mpaka akakosa pumzi. Hakuna aliyepanda.

Askari wakanikamata mimi kwanza, juu Mama Mathilde analala kwangu. Sikuweza kunyamaza, Zéphirin, watu wasingepanda tena reli yote. Nilitoa barua yako. Mukubwa wa stesheni aliisoma, akaomba mutu wa kumusomea tena. Bwana Uzi akaitwa, wakaenda na gari dogo la reli mpaka Mulwe, wakagonga jiwe, wakachimba kwa patasi. Simenti tupu. Bwana Uzi anasema umeharibu jina la kazi na umesimamisha treni siku nzima. Watakufuata huko Kongolo.

Lakini yote hayo si kitu. Émérance aliniona ninatoa ile karatasi. Akaniomba aisome mwenyewe. Nilikataa, akaninyang'anya, na mimi ningepigana vipi na mwanamuke mwenye tumbo lile? Alisoma amesimama. Hakulia. Alikunja karatasi, akanirudishia, akasema: "Kumbe nimekufa toka mwezi wa tatu." Mama Mathilde alijitupa chini, akaanza kulia kama anavyolia matanga. Émérance akamwambia anyamaze. Akachukua kikapu chake akaenda kukaa kwenye treni, peke yake, behewa zima, macho mbele. Uso umevimba hata macho hayaonekani. Wengine walipomuona amepanda, wakaanza kurudi.

Treni imeondoka leo asubuhi, Mama Mathilde ndani. Sina habari nyingine. Nikizipata nitakuandikia, kama utakuwa bado pahali barua inafika.

Octave


Kongolo, 24 Mei 1936

Émérance,

Askari wawili wamefika, wamenipa nafasi ya kuandika juu mumoja wao ni mutu wa Kabambare na mama yake anaitwa kama wewe.

Sijui kama uko muzima. Naandika kwa Kindu, hospitalini, na sijui kama ninamwandikia mutu. Kila treni inayotoka huko ninaikimbilia, nawauliza watu, wananiangalia kama kichaa. Kama uko, usinisamehe, lakini uniambie uko. Neno moja tu, hata mutu mwingine aliandike.

Niko na hofu ambayo sijapata kuiona. Wanasema gereza la Kasongo, miezi sita. Wangesema miaka sita nisingesikia.

Z.


Kindu, 11 Juni 1936

Zéphirin,

Niko. Mutoto iko. Ni mwanamuke. Sasa kaa chini, uvute pumzi, usome polepole, juu na mimi ninaandika polepole, mukono hauna nguvu.

Nikueleze ile siku. Nilikaa kwenye treni nikasema moyoni, Mulwe ikifika nitafumba macho. Wanawake wote walifumba. Mimi nilishindwa. Niliona maji mbali sana chini, na magurudumu yakabadilisha sauti, na hapo nikataka kuomba. Nikakosa la kuomba. Daraja likianguka, basi uliniambia kweli mara ya kwanza, ulinifikiri, njia iko wazi, na tunakufa wote. Lisipoanguka, umefunga, na mutoto wangu amekwisha. Niombe nini, Zéphirin? Nilisema tu Mungu, Mungu, Mungu, mpaka tukafika ng'ambo. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilijikunja nikaumwa na tumbo, nikajua mambo yameanza.

Walinibeba toka stesheni. Nilitetemeka, nikauma ulimi, kisha sikumbuki tena. Mama anasema ilikuwa siku mbili. Dokta alimutoa mutoto na vyuma. Kichwa chake kilikuwa kirefu kama papai, sasa kimerudi. Alilia. Mama anasema alilia kwanza kidogo kama anauliza, kisha akakasirika. Anaitwa Clémentine, Sista wa hospitali alimubatiza mbio mbio, alifikiri hatakaa. Amekaa. Ananyonya mpaka ninaumia.

Sasa neno ambalo linanizuia kulala, na huwezi kuniandikia uwongo hapa, nakukataza.

Ulifunga. Mawe manane, kwa mukono wako, mbele ya watu. Hakuna mulango wa kanisa uliofungwa kuliko ule. Na mutoto ametoka. Nilimuuliza dokta, kwa kinywa cha Sista. Anasema mifupa yangu ya nyonga ni nyembamba, toka kuzaliwa. Anasema hata wale wawili ni hivyo. Anasema angekuwa karibu, labda wangeishi.

Basi misumari ya kanisa haikufanya kitu. Shimo halikufanya kitu. Miaka yote ile ukiingia nyumbani, nilikuwa naangalia mikono yako. Sikusema, lakini niliiangalia. Ukinigusa nilikuwa nafikiri, ni hii. Mama alikuwa anakupa chakula amegeuza uso, mimi niliona, sikumukataza. Tulikuwekea watoto wawili shingoni, na hukusema hata siku moja "si mimi."

Mama sasa ananawisha mutoto, anampaka mafuta. Nimemwambia yote. Aliniuliza tu: basi ni nani? Swali hilo ndilo hofu yangu sasa, kubwa kuliko ya daraja. Wakati ule nilijua mutu wa kumulaumu.

Nisamehe. Na uniambie kweli: wewe mwenyewe ulikuwa unasadiki?

Nitakuja Kasongo na mutoto mvua zikirudi. Nitakaa kwa Octave, ingawa ananinunia.

Muke wako,
Émérance


Gereza la Kasongo, 5 Julai 1936

Émérance,

Karatasi ni hii tu, nitaandika maneno madogo.

Ndiyo. Nilisadiki. Nilicheka mbele yako, lakini toka yule wa kwanza nilianza kuogopa, na wa pili nikawa na hakika. Njo maana nilitafuta kazi ya mbali. Njo maana kwenye matanga yao nilikaa nje na wanaume, sikuingia, sikulia. Watu walisema Zéphirin iko na moyo wa jiwe. Ningelia namna gani? Mutu anawaua, kisha anawalilia?

Barua yako walinipa jana jioni. Niliposoma neno la dokta nilianza kulia, nikashindwa kunyamaza. Nililia mpaka mulinzi akaja na fimbo, akaona, akaishusha. Akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, watoto wangu wawili.

Akaniuliza wamekufa lini, nikamwambia zamani, lakini matanga yao ninakaa leo.

Bwana wako,
Zéphirin